Elektroni Mbili, Vyumba Viwili

Kazi ya dada yangu haina kifaa, na hilo ndilo jambo lililonishinda kuwaeleza watu tangu mwanzo. Fundi ana msumeno wake. Mama ana jembe. Mimi nina turubai na miguu yangu miwili. Dada ana kalamu, karatasi, na kompyuta ambayo kitufe kimoja kimeng'oka, kwa hiyo anabonyeza kile kishimo kwa ukucha. Anafanya fizikia, lakini si ile ya kuunganisha nyaya. Anauliza elektroni zikiwa nyingi mno ndani ya kitu kigumu, tuseme ndani ya chuma, zinaishiaje pamoja. Hajawahi kuiona hata moja. Niliwahi kumuuliza kama kuna mtu aliyeiona, akasema hapana, na akasema hivyo bila wasiwasi, kama mtu aliyeulizwa kuhusu upepo.

Mimi nilimaliza kidato cha nne nikaishia hapo. Niko Kitale, kwa mfanyabiashara wa nafaka, na kazi yangu ni kukausha mahindi. Tunayamwaga juu ya turubai uwanjani, halafu unaingia pekupeku ukiburuta miguu, mstari baada ya mstari, ili yale ya chini yaje juu yaonje jua. Ukifika mwisho unageuka. Ni kazi nzuri kwa mtu anayependa kuota, na mimi napenda. Nikiwa humo ndani huwa nanunua lori, najenga nyumba ya mama mahali pa juu palipo na upepo, na mwaka huo nilikuwa pia namfuata dada ng'ambo nikaguse theluji. Ndoto zangu hazina breki. Wenzangu wananijua hivyo, mtu wa kucheka, mtu wa kuimba vibaya. Nasema haya ili ieleweke kwamba siku ninazozisimulia hapa hazikufanana na mimi.

Dada alikuwa amepata jibu. Alinieleza kwa simu mara nyingi hadi nikaweza kulirudia. Stima ikipita kwenye waya, sehemu yake inapotea njiani ikiwa joto, ndiyo maana chaja ya simu hupata moto. Lakini kuna vitu ambavyo vikipozwa sana, stima inapita bila kupotea hata kidogo, kwa sababu elektroni zimeshikana mbili mbili na kutembea kwa utaratibu mmoja. Shida ni kwamba elektroni kwa asili zinachukiana. Dada alikuwa na hesabu ya kurasa nyingi iliyoonyesha kwamba katika aina moja ya utando mwembamba sana, chuki hiyo yenyewe ndiyo ingezifanya zishikane.

"Hiyo si ajabu," nilimwambia. "Hata wapangaji wawili wasiosalimiana huungana mwenye nyumba akija."

"Karibu hivyo," akasema. "Lakini usiseme mbele ya watu kwamba ni mimi nimekwambia."

Jarida moja la ng'ambo lilikubali kuichapisha. Chuo kimoja cha huko nacho kikamwandikia kwamba, kwa ajili ya kazi hiyo, wamemwekea nafasi ya miaka miwili ili aendelee nayo. Alikuwa Nairobi wakati huo, akimalizia masomo huku akifundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Kwetu mtu hapati jambo kubwa akakaa nalo nyumbani. Linapelekwa kanisani. Unasimama mbele na watu wako, unatoa kitu cha shukrani, kuku au mkungu wa ndizi au chochote ulicho nacho, na baada ya ibada kitu hicho kinapigwa mnada hapo nje, watu wanakinunua kwa vicheko. Mama alikuwa ameshamtengea dada jogoo. Akina mama walikuwa wameambiwa wapike chai. Na mchungaji alikuwa ametoa sharti moja tu: msichana asimame mwenyewe aeleze alichofanya, kwa maneno ambayo bibi wa kiti cha nyuma atayaelewa.

Sharti hilo ndilo lililomleta Kitale. Nyumbani, upande wa Bokoli, asingepata nafasi ya kufikiri, kwa sababu kila akienda watu wanamletea redio zilizokufa na taa za sola zisizowaka. Anajaribu kusema hiyo si kazi yake. Wanasema sawa, na redio wanamwachia. Kwa hiyo alishukia kwangu, akalala kwenye kitanda changu nami nikalala chini, na Alhamisi asubuhi akanifuata kazini atafute maneno yake huko.

Aliketi kwenye baraza ya stoo, juu ya gunia, akinitazama nikiburuta miguu.

"Si useme tu umepata dawa ya stima," nikamwambia nilipofika upande wake.

"Stima haiugui."

"Ya kwetu inaugua. Mvua ikipiga chafya tu, iko chini."

Alicheka. Akachukua chaki ya kuandikia magunia, akachora vyumba viwili sakafuni, akaokota punje mbili za mahindi.

"Nitaanza hivi," akasema. "Elektroni mbili, vyumba viwili. Kidogo kuliko hapo hakuna. Zinaweza kukaa kila moja na chumba chake. Zinaweza kubanana zote huku kushoto, zichukiane vizuri. Au zote kulia."

"Na ukizibadilisha? Hii ije huku, hii iende kule?"

"Hiyo si kitu kipya. Elektroni hazina majina. Hakuna hii na ile. Ukizibadilisha, hujafanya kitu." Akazibadilisha mwenyewe ili nione. "Kuna na mambo ya vile zinavyozunguka, lakini hayo tutaachia bibi wa kiti cha nyuma aulize."

Mwenye stoo aliniita, nikarudi kwenye mahindi. Niligeuka mara kadhaa, nikamwona ameinama anaandika. Baadaye alinieleza alichokuwa anafanya. Zikiwa elektroni mbili tu, jibu linapatikana kamili, kwa ukurasa mmoja, hakuna kukisia. Hesabu yake kubwa ilikuwa ya elektroni zisizohesabika, na kwa wingi huo hakuna mtu duniani anayepata jibu kamili, wote wanakaribia karibia. Sasa alitaka kuiingizia ile kubwa elektroni mbili, aone ikitoa jibu lilelile, ili apate neno tamu la kumalizia kanisani: hata kwa mbili ni kweli. Haikuwa kwa sababu ya shaka. Ilikuwa ni mapambo.

Mchana mawingu yakashuka kutoka Mlima Elgon. Mwenye stoo akapiga mluzi, sote tukakimbilia pembe za turubai, tukakunja, tukasukuma mahindi kuelekea barazani kwa mbao na kwa mikono. Siku kama hiyo kila mtu anapiga kelele na hakuna anayemsikiliza mwenzake. Tulimwambia dada apishe. Hakupisha. Mahindi yakapanda hadi magotini mwake, na yeye bado ameshika kalamu hewani.

"Huyu ako sawa?" mmoja wa wenzangu akaniuliza.

"Anahesabu," nikasema.

Mvua ilipotulia nikaketi karibu naye kwenye rundo.

"Hazilingani," akasema.

"Nini na nini?"

"Jibu la mbili. La kwangu na la kweli."

Nilingoja acheke au aseme labda amechoka. Alirudia tangu mwanzo, na mimi nikamtazama akirudia. Ilifika mahali fulani kalamu ikasimama. Akanionyesha mstari mmoja ambao mimi niliuona kama mingine yote.

"Hapa. Nimezibadilisha nafasi nikahesabu ni kitu kipya. Kitu kimoja nimekihesabu mara mbili. Ndicho nimekwambia asubuhi kwa mdomo wangu, kwamba si kitu kipya."

"Basi toa hiyo ya pili."

"Nitatoa," akasema. "Nione kinachobaki."

Ijumaa alibaki chumbani kwangu akitoa. Niliporudi chai ya asubuhi ilikuwa palepale, na utando juu yake. Alikuwa ameketi kitandani, mgongo ukutani, na karatasi zimepangwa sakafuni hadi mlangoni, nikapita kando kando kama mtu anayeogopa kukanyaga watoto waliolala.

"Zimebaki aje?"

"Zinaachana."

"Zote?"

"Ukitoa ile mara ya pili, hakuna kinachozishika. Zinachukiana tu kama za kila mtu."

Ningependa kuandika kwamba nilisikia uchungu. Sikusikia kitu. Unajua ukikalia mguu muda mrefu, halafu unaugusa na unahisi ni wa mtu mwingine? Nilikuwa hivyo, mwili mzima. Nilipika ugali. Niliosha sufuria ambayo ilikuwa safi. Nikamwambia mzaha mmoja wa kazini, akasema "aha", na hata mimi sikungoja acheke. Yeye naye alikula, akashukuru, akakunja karatasi zake moja moja. Watu wawili wenye adabu.

Kisha nikauliza nilichokuwa nacho tangu jana.

"Nani anajua?"

"Wewe na mimi."

"Na jarida linatoka lini?"

"Wiki inayokuja. Nikinyamaza, linatoka."

"Wazee wa jarida si waliisoma wakapitisha? Wewe ni nani uwashinde?"

"Walisoma wakiamini nimehesabu sawa. Wewe mteja akinunua mahindi hapo kwenu, anamwaga kila gunia chini aanze upya?"

"Anafungua moja. Anauma punje moja."

"Ndiyo hivyo. Hawakuuma hiyo."

"Na nani ataiuma?"

Alifikiri kweli, kana kwamba nimemuuliza anwani. "Mwanafunzi mmoja mahali. Ana miaka yake ishirini na kitu, anatafuta cha kufanya. Ataweka mbili, vile nimeweka. Labda mwaka huu, labda baada ya miaka mitano. Au hakuna, na watu wanaichukua wanajenga juu yake, wanakaa miaka wakitafuta utando ambao hauwezi kuwa. Hiyo ndiyo mbaya zaidi."

"Na ile nafasi?"

"Nafasi walinipa kwa sababu ya hiyo kazi."

Tukalala.

Jumamosi tukaenda Bungoma. Mjini tuliingia mkahawa mmoja karibu na reli, siku ya soko, waendesha boda wamejaa mlangoni wakibishana kuhusu mpira. Dada aliagiza chai, hakuinywa, akafungua kompyuta. Barua ya kumpelekea msimamizi wake wa masomo alikuwa ameshaiandika asubuhi. Ilikuwa fupi. Ilisema kosa liko mstari gani, jibu kamili la elektroni mbili ni lipi, kwamba matokeo yameanguka, na kwamba anaomba makala iondolewe.

"Washa data," akaniambia. "Ya kwangu imeisha."

Simu ilikuwa mkononi mwangu. Neno lilikuwa mdomoni: hata yangu imeisha. Lingepita bila shida, angesubiri hadi jioni, na nyumbani kwetu mtandao ni wa kubahatisha, na Jumatatu ingefika, wiki ya jarida kutoka. Niliiona njia yote hadi mwisho wake, na theluji ipo hapo. Nikatazama kile kishimo cha kitufe na ukucha wake uliopasuka kwa kukibonyeza. Nikawasha.

Barua ikaenda. Kwenye skrini kilitokea kimstari kidogo cha buluu, kikajaa, kikaondoka. Ilipita ndani ya simu yangu nami sikuhisi hata joto. Nje mtu wa boda alikuwa akisema, "Ati refa? Refa gani bana, ule ni jamaa alikuwa anapita njia."

Mama tulimkuta nyuma ya nyumba akichambua maharagwe kwenye ungo. Dada alimsalimu, akaketi kwenye kigoda, akamwambia moja kwa moja kwamba kazi ile ina kosa, kosa ni lake, ameomba iondolewe, na safari huenda isiwepo.

Mama aliendelea kutupa mawe. "Imeondolewa na watu?"

"Nimeiondoa mwenyewe, mayi."

"Na hao wa jarida waligombana na wewe?"

"Hawajajua bado."

Mama alisimamisha ungo. Aliutazama uso wa binti yake, halafu wangu, kama anayetafuta nani kati yetu atasema ni utani. Mama yetu si mtu wa methali. Akishindwa na jambo huwa anauliza la jikoni.

"Chai ya watu wote hao itanywewa kwa ajili gani sasa?"

"Sijui."

"Maziwa nimeshaagiza."

"Najua, mayi."

"Basi tutaenda," mama akasema, akaendelea na maharagwe, mawe yakianguka kwenye majani ya migomba.

Kanisani mama alisimama kwanza, jogoo kwapani. Alisema hana maneno mengi. Alisema mtoto wake alipata jibu katika masomo yake, halafu Mungu akamwonyesha kosa, na yeye amelileta kosa hilo na jogoo mbele ya wote.

Watu wakapiga makofi. Akina mama wakapiga vigelegele. Mzee mmoja wa kanisa, mtu mwema aliyenifundisha shule ya Jumapili nikiwa mdogo, akasimama akasema kwa furaha, "Mumesikia? Wazungu wamekaa na hayo mahesabu miaka yote, na ni msichana wa hapa ameyapata na makosa." Makofi yakapanda zaidi. Nilimwona mama akitazama chini. Sikujua kama mama alisema maneno yake vile, bila kutaja kosa ni la nani, kwa kukosa namna nyingine au kwa kupenda yasikike hivyo, na sijawahi kumuuliza.

Dada angeweza kuketi. Alichukua maiki.

"Mulembe," akawasalimu, wakaitikia. "Mzee, asante. Lakini kosa si la wazungu. Ni langu. Nilihesabu kitu kimoja mara mbili, nikaona kimekuwa kikubwa. Nimekihesabu tena, hakipo. Safari niliyoitiwa ilikuwa kwa sababu ya hicho kitu. Nimewaambia ukweli, sasa nangoja watakachosema. Muniombee."

Hakuna aliyepiga makofi. Si kwa ubaya, hawakujua tu kama panapigwa au hapapigwi. Mchungaji alisogea mbele, akaomba maombi marefu yaliyogusa mvua, wagonjwa, wanafunzi wote wa taifa, na mwishowe "dada yetu na hesabu yake, Bwana unaijua". Nilifumba macho nikatafuta kitu ndani yangu cha kumwomba nacho. Palikuwa kimya. Nikasema amina pamoja na wengine.

Nje mnadani yule mzee ndiye aliyenadi. Nadhani aliona haya kidogo, kwa hiyo alizidisha mzaha. "Jogoo huyu," akasema, "nimemhesabu mara moja tu. Ni mmoja. Nani anabisha?" Watu wakacheka kama wanaoshusha pumzi. Bibi mmoja akamnunua, na kama ilivyo desturi akamrudishia aliyemtoa. Dada akasimama na jogoo mikononi, hajui amshikeje, na bibi akamsogeza mabawa akamwonyesha. Chai ikanywewa yote. Mtu akamletea redio.

Msimamizi alijibu jioni hiyo. Alisema ameweka mbili yeye mwenyewe, ni kweli, na atawaandikia jarida asubuhi. Makala haikutoka. Dada akarudi Nairobi, nami Kitale, na kwa majuma kadhaa tuliongea kuhusu mambo madogo, bei ya vitunguu, kikohozi cha mama. Hakuna aliyetaja chuo cha ng'ambo.

Alipiga simu siku moja asubuhi nikiwa katikati ya turubai.

"Wamejibu," akasema.

"Wamesema aje?"

"Wameandika vizuri."

"Vizuri aje?"

"Vizuri vile mtu anaandika akikataa. Wameshukuru nimewaambia. Nafasi wamempa mwingine. Wamesema nikipata kazi nyingine niwaandikie tena."

Nilisimama. Mahindi yalikuwa ya moto chini ya nyayo. Niliwaza niseme pole, nikawaza niseme Mungu yupo, yote mawili yalikuwa yamekauka kabla ya kufika mdomoni.

"Unasikiaje?" nikamuuliza.

"Sisikii. Wewe?"

"Hata mimi."

Nikageuza mahindi kidogo kwa vidole vya mguu.

"Mama umwambie wewe," akasema. "Ukienda nyumbani wikendi. Mwambie kwa mdomo, si kwa simu."

"Nitamwambia."

"Nina darasa sasa hivi."

"Unawafundisha nini?"

"Mpira unaoteremka kilima."

"Huo hata mimi niliufanya kidato cha pili."

"Basi njoo ufundishe, nami nije nikanyage mahindi," akasema, na katika sauti yake palikuwa na kitu kama mwanzo wa kicheko, au labda ni mtandao tu. Akakata. Nikatia simu mfukoni. Upande wa ukutani wa turubai ulikuwa bado haujaguswa, mahindi yake yana unyevu, nikaanzia hapo.